Shati, sketi na shoti kumbe ndugu wa tumbo moja?

FundiCherehani_Nax

Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru, kibanda changu hakiko mbali na stendi ya matatu. Mwezi wa kwanza kwangu ni mwezi wa sare. Ninavyoandika, meza imejaa mashati, sketi na kaptula (shoti) za shule, kila nguo imebanwa kikaratasi kwa pini: jina la mtoto, darasa, halafu "punguza inchi 2" au "acha pindo kubwa, anakua haraka".

Jana binti yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda na kamusi yake ya Kiingereza, ile nene inayoeleza mpaka neno lilikozaliwa. Akaniambia, "Mama, hivi vitu vyako vitatu ni neno moja." Nikajua ananichezea ili asitumwe unga. Akanisomea.

Neno "short" katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sceort". "Shirt" nalo lilikuwa "scyrte", yaani vazi fupi. Sasa "skirt" ndiyo yenye kisa. Ililetwa na watu wa Skandinavia waliovamia Uingereza karne ya 9. Kwao "skyrta" ilikuwa shati lile lile! Waingereza wakajikuta na maneno mawili ya nguo moja, wakagawana: la kwao likabaki juu ya kiuno, la wageni likashuka chini. Na mzizi wa yote hayo, kwenda nyuma kabisa, maana yake ni kukata.

Mkasi ulikuwa mkononi. Nimekata vitambaa miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba "short" maana yake ni kilichokatwa.

Kuna mengine kama haya? Leteni, nitasoma huku nikishona. Usiku huu nina kaptula kumi na moja.

PampuNambaTano

Fundi, mimi niko Kisumu, nauza mafuta ya magari. Hapa kwetu neno hilo halihusu nguo. Ni SHOTI. Unamaliza zamu, mnahesabu pesa na msimamizi, mita ya pampu inasema elfu arubaini na mbili, wewe una arubaini na moja na mia nne. Hiyo mia sita ni shoti na inatoka kwa mshahara wako. Hakuna kujitetea.

Wiki jana niliingia shoti ya elfu moja mia mbili. Jamaa wa probox alisema "jaza ya elfu mbili", nikajaza, akanipa noti iliyokunjwa mara nne, mvua inanyesha, nikaitia mfukoni. Kuifunua usiku, mia nane kwa noti ndogo ndogo zilizokunjwa pamoja. Kwa hiyo ukiniambia "short" ni kukatwa, nakubali. Nimekatwa.

StimaImerudi

Mnasahau shoti ya stima. Waya mbili zikigusana, umeme unaacha njia ndefu ya kupitia balbu na kupita ile ya mkato. Ndiyo maana wakaiita hivyo, mzunguko mfupi. Mzigo haupo tena njiani, kwa hiyo umeme unapita mwingi kupindukia na waya inapata moto. Watu wanadhani shoti ni umeme kukosekana. La hasha. Ni umeme kuzidi mahali pabaya.

Gazetini wataandika "hitilafu ya umeme". Hapa Webuye hakuna anayesema hivyo, ni shoti tu.

Kiswahili_Kitukuzwe

Jukwaa la Kiswahili, uzi wa Kizungu. Kwani sisi neno fupi hatuna?

MwalimuMstaafu_Bungoma

Mulembe nyote. Nilifundisha Kiingereza na Kiswahili shule za upili kwa miaka mingi, na Kilatini kidogo nilikichukua kwa mapadri nikiwa kijana, kwa hiyo fundi amenigusa palipo na kidonda.

Kwanza nimjibu huyu ndugu wa kukitukuza. Ukimwuliza mtu swali naye akakurushia neno moja huku anaangalia pembeni, Kiswahili kinasemaje? Amejibu kwa mkato. Sasa Kiingereza kinamwita mtu huyo "curt", kutoka Kilatini "curtus", kilichokatwa. Mzizi ni ule ule wa "short" ya fundi, ila umepitia mlango wa Roma badala ya mlango wa Wajerumani wa kale. Sisi na wao hatukuambizana. Kila mmoja aliona kitu kifupi akauliza: nani amekikata?

"Concise" vilevile. Ndani yake mna "caedere", kukata. Humo humo ndimo ulimotoka mkasi wako, fundi: "scissors". Ile tahajia ya "sc" mwanzoni ililetwa baadaye na wasomi waliolichanganya na kitenzi kingine cha Kilatini. Wanafunzi wangu walipokuwa wakikosea tahajia ya neno hilo nilikuwa nawachapa. Leo naona walikuwa na haki.

Sasa lile ninalolipenda kuliko yote: "succinct". Tunalifasiri "kwa ufupi" tukaendelea na safari, lakini lina picha ndani. "Sub" ni chini, "cingere" ni kufunga mshipi. Mrumi alivaa nguo ndefu ya kuburura. Akitaka kufanya kazi au kukimbia, aliipandisha, akaikaza kiunoni kwa mshipi, miguu ikawa huru. Huyo ndiye "succinctus". Sasa niambieni, mama yangu alipotoka alfajiri kwenda kupalilia mahindi, akaikunja leso na kuifunga kiunoni mpaka nguo ikapanda juu ya magoti, alikuwa anafanya nini? Alijifunga kibwebwe. Miaka yote nimewaandikia wanafunzi "be succinct" kwa kalamu nyekundu, kumbe ningeandika "jifunge kibwebwe" wangenielewa siku ya kwanza.

Na tofauti yake na "concise" ndiyo hiyo. Mmoja amekata kitambaa akakitupa. Mwingine hakukata kitu, amekaza tu.

Kuna na "terse". Hilo ni la kupangusa, "tergere", ambamo pia mmetoka "detergent", sabuni ya unga mnayofulia. Mwanzoni maandishi "terse" yalikuwa yaliyosuguliwa yakang'aa. Baadaye maana ikasogea, ikawa mafupi, na siku hizi ukimwambia mtu barua yake ni "terse" atadhani umemwita mkali.

FundiCherehani_Nax

Mwalimu!! Nimeacha kushona kabisa. Binti anauliza kama "kupunguza" na kukaza ni kitu kimoja. Nikamwambia hapana, pindo nililolikunja kwa ndani mzazi atalifumua mwaka kesho, lakini kitambaa nilichokikata hakirudi. Mzazi mwenye akili husema "kunja, usikate".

MfupiKiasi

Habari za asubuhi kutoka Kisumu. Jina langu hapa linajieleza. Shuleni kwenye gwaride tulipangwa kwa kimo, nami miaka minane nilitazama mgongo wa mwalimu wa zamu.

Nguo zangu nanunua Kibuye, mitumba ya Jumapili. Suruali ina lebo "L 30", hiyo ni inchi za mguu, na bado napeleka kwa fundi. Za wake zetu zinaandikwa "Petite", ambalo ni Kifaransa tu cha "ndogo" kwa jinsia ya kike, likavaa manukato. Lakini mwanamume mfupi Kiingereza kinamwita nini? Nilikaa nikayatafuta. "Stocky" linatokana na "stock", kigogo. "Stubby" linatokana na "stub", kisiki. "Runt", yule kitoto kidogo kuliko wenzake katika uzao wa nguruwe, zamani lilikuwa pia kisiki kikuukuu. Kumbe mimi ni mti uliokatwa!

Hata "curtail" ni kukata mkia, mnaona? "Tail" hiyo hapo mwishoni.

MwalimuMstaafu_Bungoma

Karibu upate, ndugu yangu. Farasi yuko, mkia umekatwa kweli, ila "tail" haimo. Neno lilikuwa "curtal", limetoka Ufaransa, na lilimtaja farasi aliyepunguzwa mkia. Ile "-al" ilikuwa kimalizio tu. Waingereza wakamtazama farasi hana mkia, wakasikia "tail" ndani ya jina lake, wakaiandika. Sikio husikia kile jicho limekwisha kuona.

Na usikasirike kwa visiki. Kiswahili nacho hakikukuonea huruma: kibushuti, kibeti, mbilikimo. Hilo la mwisho wengi hulichambua kuwa "mbili" na "kimo", mtu wa vipimo viwili. Wagiriki nao walifanya hivyo hivyo: "pygmy" ni kutoka "pygmē", ngumi, na pia kipimo cha kutoka kiwiko mpaka ngumi iliyofumbwa. Ukitaka kumdharau mtu, mpime kwa mkono.

MfupiKiasi

Nakushukuru mwalimu. Naona nimetoka kuwa kisiki nikawa ngumi. Kuna nafuu.

MamaMaandazi_Kibuye

Shikamoo mwalimu, na wengine hamjambo. Mimi nina swali la jikoni, sijui kama ni la uzi huu.

Mafuta ya mgando ninayonunua kwa katoni yameandikwa ubavuni "shortening". Miaka yote nimejiuliza yanafupisha nini. Maandazi yangu hayafupiki. Nilipojaribu kuongeza mafuta kwenye unga, nikidhani nitapata andazi laini, nilijuta. Yalitoka mazuri kwa macho, mekundu, lakini mteja akichovya kwenye chai, nusu inabaki mkononi na nusu inazama kikombeni. Watu wa boda wakaniambia, "Mama, leo umetuuzia uji." Siku hiyo nilirudi nyumbani na maandazi arubaini.

Mpwa wangu anasomea upishi ndiye aliyenieleza. Unga wa ngano ukikutana na maji na ukakandwa, unafanya nyuzi ndani yake, gluteni. Ndizo zinazofanya chapo (chapati) ivutike unapoisukuma. Mafuta yakiingia mwanzo, yanaupaka unga, maji hayaufikii vizuri, nyuzi haziungani zikawa ndefu. Zinabaki fupi fupi, kitu kinamomonyoka. Ndiyo sababu biskuti inavunjika na chapo inanyumbulika.

Lakini yeye hakujua kama jina lilitoka kwa nyuzi. Mwalimu?

MwalimuMstaafu_Bungoma

Marahaba, mama. Hapo umenipa raha. Waingereza walikiita kitu kinachomomonyoka "short" karne nyingi kabla mtu yeyote hajajua nyuzi za gluteni. Hata udongo au chuma kinachokatika kwa urahisi waliweza kukiita hivyo. Kivutike kirefu, au kikatike upesi? Kikikatika upesi ni "short". Ndiyo maana wana "shortbread", mkate usiovutika. Maelezo ya nyuzi yalikuja baadaye yakakuta jina limeshakaa na linafaa, kama mgeni anayekuta kiti kimoja kitupu.

Kwa hiyo andazi lako la siku ile lilikuwa "short" kwa Kiingereza safi kabisa.

MamaMaandazi_Kibuye

Na mfuko wangu pia. Huyo wa pampu ataniita mwenzake.

PampuNambaTano

Karibu kwa chama, mama.

KaraniWaKorti

Fupi kutoka kwangu. "Brief" ni Kilatini "brevis", fupi. Wajerumani wanaita barua "Brief". Mawakili wanaita jalada la kesi "brief", nami nimewahi kubeba moja kwa mikono miwili kupandisha ngazi. Na "briefs" ni chupi. Sijui nani alikaa akapanga haya.

Alto_Kakamega

Karani umenikumbusha. Nafundisha kwaya ya kanisa hapa Kakamega. Wengi wetu tunaimba kwa solfa, lakini vijana wakitaka kwenda tamasha nawafundisha noti za mistari, na kuna noti moja ambayo kila mwaka inaleta ubishi.

Inaitwa "breve". Kutoka neno hilo hilo la karani, fupi. Na ndiyo noti NDEFU kuliko zote wanazokutana nazo! Inachukua semibrevi mbili, mapigo manane. Mwenye pumzi ndogo anaona nyota.

Sababu ni kwamba karne ya 13, walipoanza kuandika muda wa sauti, kulikuwa na "longa" na "breve", ndefu na fupi. Haki kabisa. Halafu watunzi wakataka kasi, wakabuni iliyo fupi zaidi, "semibreve", nusu ya fupi. Wakataka tena, wakaleta "minim", yaani ndogo kabisa, hakuna chini yake. Kisha wakaenda chini yake. Wakaongeza "crotchet", "quaver", na nyingine za mikia miwili mitatu. Kadiri zile ndogo zilivyozidi, hizi za zamani zilisukumwa juu, zikaimbwa polepole zaidi na zaidi. "Longa" ikafa. "Breve" ikabaki mzee wa boma akiitwa Kadogo.

Mwaka juzi msichana mmoja wa sauti ya pili aliniuliza, "Mwalimu, kama hii ndiyo fupi, ndefu ilikuwa inaimbwa na nani?" Sikuwa na jibu.

StimaImerudi

Mzee wa boma akiitwa Kadogo 😂 Mimi nina mjomba wa hivyo. Ana futi sita na inchi mbili.

KijanaWaNax

Wazee mmekaa karne ya 13, acheni niwalete huku kwetu. Mnatulaumu eti sisi ndio tunaharibu lugha na vifupisho. OMG! Hiyo OMG yenyewe mnajua ni ya lini? 1917. Iko kwenye barua ya Admirali John Fisher wa jeshi la majini la Uingereza, mzee wa miaka 76, akimwandikia Winston Churchill. Na OK ilitokea kwenye gazeti moja la Boston mwaka 1839, utani wa waandishi waliojifanya hawajui kuandika "all correct", wakaandika "oll korrect". Kwa hiyo utani wa watu wazima ndio uliotangulia.

SMS nayo, ile "S" ya kwanza ni "short". Herufi 160. Kiasi hicho kilipendekezwa katikati ya miaka ya 80 na mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand. Alikaa na taipureta yake, akaandika sentensi za kawaida moja baada ya nyingine, akahesabu herufi, akaona karibu zote hazizidi 160. Yenyewe ya kwanza kutumwa ilikuwa tarehe 3 Desemba 1992, Neil Papworth aliituma kutoka kompyuta kwenda kwa simu ya Richard Jarvis wa Vodafone. Ilisema "Merry Christmas". Basi.

Sisi hapa Nax (ndiyo, Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2021 na bado tunaiita Nax) tulirithi tu. Hosi (hospitali), chapo, primo (shule ya msingi), prezzo (rais). "Cjui" kwa sijui. "K2" kwa kitu, ambapo k ni ya Kiswahili na mbili inasomwa Kizungu.

MwalimuMstaafu_Bungoma

Kijana, umeokota dhahabu ukaipita. Hebu rudi kwa huyo Papworth. Neno la kwanza la ujumbe wake lilikuwa lipi? "Merry". Katika Kiingereza cha kale ni "myrge", na wataalamu wengi wa asili za maneno wanalirudisha kwenye mzizi wenye maana ya FUPI, mzizi ule ule uliozaa "brevis" ya karani. Njia yake ni hii: kinachofurahisha hufupisha muda. Ukiwa kwenye harusi, kufumba na kufumbua kumekucha. Wajerumani mpaka leo wanaita burudani "Kurzweil", kipindi kifupi.

Kwa hiyo ujumbe mfupi wa kwanza duniani ulianza na neno "fupi", na aliyeutuma nadhani hakuwa na habari.

KijanaWaNax

Wueh. Mwalimu, hiyo naiweka stetasi.

FundiCherehani_Nax

Nami nina moja, maana mimi na binti sasa hatuli wala hatulali. "Mini". Sketi ya mini, ile iliyoanzia maduka ya London miaka ya 60, akina Mary Quant. Mimi nilijua "mini" ni ndogo, nikafunga mjadala. Kumbe imekatwa kutoka "miniature", na "miniature" mwanzo haikuwa na habari ya udogo! Ilitoka "minium", rangi nyekundu ya madini ya risasi ambayo watawa waliitumia kupambia herufi katika vitabu vya kuandikwa kwa mkono. "Miniare" ilikuwa kupaka rangi nyekundu. Vile vipicha vya pembeni mwa kurasa vilikuwa vidogo, na neno lilifanana na "minimum", basi watu wakadhani ni ndugu. Rangi ikasahaulika, udogo ukabaki.

Wateja wangu wakija na sketi nyekundu ya juu ya magoti nitawaambia wamevaa mini mara mbili.

MpitaNjia_Busia

Mnaotoka kwenye nguo, pandeni gari. "Bus" ni kipande cha "omnibus", Kilatini cha "kwa wote". Mzizi wenye maana ya "wote" ni ule mwanzo, "omn-". Wakautupa! Wakabaki na mkia, ambao ni kimalizio cha sarufi tu, kama vile ungekata "shambani" ukabaki na "ni". Hiyo "ni" ndiyo tunayoipanda kwenda Nairobi, na sisi tukaiongezea irabu ikawa basi.

Huku kwetu mpakani tuna letu. Vijana wa baiskeli walikuwa wanavusha watu kati ya vituo vya Kenya na Uganda wakiita "boda, boda", mpaka kwa mpaka. Likaenea Afrika Mashariki nzima, likakatwa likawa boda moja. Sasa boda yuko Nyeri, hajawahi kuona mpaka wowote maishani mwake.

Kiswahili_Kitukuzwe

Bado nauliza. Kiingereza kina maneno mafupi, sawa. Kiswahili kikifupishwa kinabaki na nini?

MwalimuMstaafu_Bungoma

Swali zuri, hata kama umelitupa kama jiwe. Nikueleze la posta.

Miaka ya sabini hakukuwa na SMS, tulikuwa na telegramu. Ulikuwa unaandika ujumbe kwenye fomu, karani anahesabu MANENO, unalipa kwa neno. Watu waliandika BABA MGONJWA NJOO na kuondoka. Siku moja nilihitaji kumwarifu kaka yangu Nakuru kwamba nitamtumia karo ya mtoto nikifika Kisumu. Kwa Kiingereza, "I will send it to you when I arrive", maneno tisa. Mimi nikaandika NITAKUTUMIA NIKIFIKA. Mawili! Karani akaitazama fomu, akaniuliza kama hilo la kwanza ni neno moja kweli. Nikamwambia atafute nafasi ndani yake, akiipata nilipie. Akagonga muhuri.

Ndiyo hesabu yake. Ukipima kwa maneno, Kiswahili ndicho bahili. Ukipima kwa herufi, kama SMS ya huyu kijana, Kiingereza kinaweza kukushinda, ndiyo maana wakaanza "cjui".

Watu wa Sparta ndio wangependa telegramu. Nchi yao iliitwa Laconia, na kwa Kiingereza "laconic" ni mtu wa maneno machache. Husimuliwa kwamba Filipo wa Makedonia, babake Aleksanda, aliwatishia: nikiingia nchini mwenu nitaiteketeza. Wakamrudishia neno moja tu: "Kama."

MfupiKiasi

Mwalimu, hiyo "kama" kwa Kiswahili haikai vizuri. Yeye amesema "nikiingia". "Kama" haikuwemo.

Alto_Kakamega

Kweli. "Kama" yetu iko katikati ya kitenzi. Ni silabi.

KijanaWaNax

Basi Msparta wa kwetu angejibu: "Ki."

StimaImerudi

😂😂😂 herufi mbili jeshi zima

Kiswahili_Kitukuzwe

Sawa.

MamaMaandazi_Kibuye

Huyu naye ametujibu kwa mkato.

PampuNambaTano

Fundi wa Nax, nisamehe nitoke kidogo nje ya mada. Jumamosi nakuja Nakuru kwa dada yangu. Nina longi mbili za kazi zinaburura, nakanyaga pindo kila nikikimbilia gari. Nikikuletea asubuhi, utanimalizia kabla ya saa kumi nirudi Kisumu?

FundiCherehani_Nax

Ki.